Kilio cha Akiba

Sokoni wanamjua kwa sauti. Anaweza kufika kwenye meza ya nyanya amejifunika mtandio mpaka puani, akachagua, akabonyezabonyeza, asigeukiwe na mtu. Akifungua tu mdomo kuuliza kama hizi ni za leo au za jana, muuza nyanya anashika ukosi wa shati lake kwa mikono miwili na kusema, "Taratibu mama, shati lenyewe ndilo hili hili." Meza za jirani zote zinacheka. Na yeye hucheka, maana ameshazoea, na maana muuza nyanya huyo hakosi kumwongezea moja ya juu.

Huyo ndiye Mke wa Potifa wetu. Kwa wale ambao jioni wana mambo ya maana zaidi ya televisheni, mke wa Potifa ndiye aliyemng'ang'ania Yusufu mpaka kijana akakimbia, akamwachia vazi mkononi. Katika tamthilia yetu mwanamke unayemwona ni mgeni wa nchi ya mbali, amepakwa wanja mpaka karibu na masikio. Lakini Kiswahili kinachomtoka, kile cha kubembeleza na kile cha kusingizia, ni cha dada yetu huyu, mjane, mama wa mtoto mmoja, anayevaa viatu vya chini kwa sababu ya magoti. Baada ya Potifa tukampa Delila, halafu Yezebeli, halafu mke wa Lutu. Wabaya walipotuishia tukamrudisha kwa wema, alikoanzia.

Mimi ndiye ninayemwandikia. Filamu zinatufikia zimeigizwa kwa lugha za wenyewe, natafsiri, kisha nayapima maneno yaingie kwenye midomo ya watu walioko kwenye picha. Studio tunaiita kazi hiyo kulisha midomo, na si lelemama. Mgeni anafungua kinywa mara mbili, kashamaliza hoja yake, na mimi na Kiswahili changu ndiyo kwanza tumefika kwenye "ninakusihi". Kuna herufi zinazonitoa jasho: m, b na p. Hizo hazitamkiki bila midomo kugusana. Jaribu kusema "mama" mdomo ukiwa wazi, utasikika kama mtu aliyeko kwa daktari wa meno. Kwa hiyo midomo ya kwenye picha ikigusana natafuta neno lenye m, na isipogusana naikimbia m kama nyuki. Watu wanaonisimamisha njiani kuniambia kwamba manabii wetu wanaongea maneno ya ajabu, huwa nawaangalia tu, nikapita zangu.

Alikuja kwetu akitokea stendi ya mabasi. Alikuwa ndiye anayetangaza kwenye kipaza sauti basi gani linaondoka na abiria gani anatafutwa, na bosi wetu wa zamani alilikosa basi lake makusudi ili amsikilize. Mumewe alikuwa amefariki mtoto akiwa bado wa kubebwa. Siku ya kwanza ya kazi akaja naye mgongoni, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, akaingia kwenye kile chumba chetu kilichobandikwa vipande vya godoro ukutani, akasimama mbele ya maiki kama mtu anayesubiri kupigwa sindano. Tulikuwa tunarekodi Sara. Pale Sara anapocheka nyuma ya hema, yeye akacheka, mtoto mgongoni akaamka na kuangua kilio.

Fundi mitambo wa wakati ule alikuwa mzee mwenye hasira za karibu. Tulijua patachimbika. Badala yake akanyoosha kidole juu, tukanyamaza wote, akaiacha mashine iendelee kuzunguka mpaka mtoto alipochoka mwenyewe. Tulikuwa tumetafuta kilio cha mtoto mchanga kwa ajili ya Isaka bila mafanikio, tukawa tunataka kutumia cha paka.

Isaka akalia kwa kilio hicho. Baadaye Musa akalia nacho ndani ya kikapu, kisha Samweli, kisha Yohana Mbatizaji. Wavulana wote mashuhuri wa Biblia, katika Kiswahili, wamelia kwa koo la msichana mmoja. Tukakiita kilio cha akiba, na kila fundi anayekuja hukabidhiwa pamoja na funguo za kabati.

Msichana mwenyewe alikulia studio. Alifanyia kazi za shule nyuma ya pazia, akajua kunyamaza taa nyekundu ikiwaka kabla hajajua kusoma. Darasani aliwaambia wenzake, "Mimi ndiye Musa," akatumwa nyumbani kumwita mzazi kwa kusema uongo. Mama yake akaenda, akamsalimia mwalimu, na mwalimu akaisahau kesi yote kwa kumsikia Yezebeli anamwamkia kwa heshima. Binti akakua, akajifunza ushonaji, akaolewa na fundi wa majokofu, kijana mrefu asiye na maneno mengi, wakapanga nyumba mitaa michache kutoka kwa mama. Mchana binti alipita studio bila hodi, akala chakula cha mama yake, akanikosoa na mimi. "Baba mdogo, leo Nuhu wako kasema 'mabomba'. Bomba la nini kwenye safina?" Nilimwambia midomo iligusana, mimi nifanyeje.

Mwaka jana akashika mimba. Sijapata kumwona Mke wa Potifa vile. Alikuwa akirekodi Yezebeli mwingine, wa tamthilia mpya, anaagiza watu wauawe, na sauti inatoka na furaha ndani yake, ikabidi turudie. Alianza kutuita sisi wote babu, hata fundi mitambo wetu wa sasa ambaye ndevu zenyewe hazijakaa sawa.

Mtoto alitimiza miezi yake yote. Alikuwa wa kike. Alizaliwa kimya, na kimya hicho hakikuvunjika.

Nilikuwepo hospitali, nje ya pazia, nimeshika mkoba wa mtu. Nilimsikia Mke wa Potifa ndani akimpapasa binti yake mgongoni na kumwambia, "Nyamaza mwanangu. Wewe bado kijana. Utapata mwingine." Ni neno ambalo kila mtu angelisema. Wauguzi walishalisema, jirani wa kitanda cha pili alishalisema, na mimi nilikuwa nalo mdomoni nasubiri zamu yangu. Lakini hao wengine binti aliwaacha wapite. Kwa mama yake akageuka, akasema polepole, "Mama, sijavunja kikombe." Kisha akaelekeza uso ukutani.

Tangu siku hiyo hakusema naye tena. Mama akipiga simu, mkwe ndiye anayepokea. "Amelala, mama." Akienda mwenyewe, mkwe anamkuta mlangoni, anamsalimia kwa adabu zote, macho kwenye viatu vyake. "Amelala, mama." Akipeleka chakula, vyombo vinarudi vimeoshwa na kukaushwa, na ndani hamna hata salamu. "Kaka," aliniambia siku moja tunakunywa chai kwenye korido, "mtu gani analala mwezi mzima?" Nilimwambia ampe muda. Akasema muda anao, anachotaka kujua ni kama mwanawe yuko upande wa pili wa huo muda.

Ndipo ikaja tamthilia ya Ayubu. Niliposoma nikaona mkewe ana sehemu kubwa, nikafikiria kumpa mwigizaji mwingine. Mnajua kisa chake. Watoto wao kumi wanakufa siku moja chini ya nyumba iliyoanguka, na mke anamwambia mumewe amkufuru Mungu afe. Neno hilo moja tu, na tangu hapo watu wanamsema. Nilimwita Mke wa Potifa kando, nikamweleza, nikamwambia hakuna atakayemlaumu akiikataa.

"Nikimwachia mtu mwingine atamfanya mkorofi tu," akasema. "Kumi wale walikuwa wake pia."

Akaifanya. Ile "Mkufuru Mungu, ufe" nilikuwa nimemwandikia kwa ajili ya ukali, na mkononi nilikuwa na glasi ya maji ya kumpa baada ya kufoka. Hakufoka. Aliisema kama mtu anayemwambia mwenzake azime taa walale. Fundi mitambo akanitazama kupitia kioo. Nikamwambia aiache.

Siku ya marafiki watatu hapakuwa na kazi. Wanafika, wanamwona Ayubu kwenye majivu, hawamtambui, wanakaa chini pamoja naye siku saba, wala hakuna anayetoa neno. Kwetu sisi tunaolisha midomo hiyo ni sikukuu, midomo yote imefungwa. Fundi mitambo akaanza kupeleka picha mbele haraka. Mke wa Potifa akamwambia, "Acha. Usiikimbize."

Tukaitazama yote, wanaume wanne wamekaa chini, upepo unapeperusha nguo. Mwisho akaniuliza, "Hata pole hawasemi?"

"Hawasemi."

"Watu wazima wametoka kwao, wamefika msibani, hawasemi hata pole?"

"Biblia ndivyo inavyosema," nikamjibu. "Na wanakaa vizuri kabisa. Wanaharibu wakishaanza kuongea." Nilisema hivyo kama utani wa kazi, kwa sababu maneno ya wale watatu ni marefu na yalishanichosha. Yeye alivua hedifoni, akazishika mapajani, hakucheka.

Jioni hiyo akaenda kwa binti yake, kama kawaida. Mkwe akamwambia amelala. "Sawa baba," akasema, na badala ya kuondoka akakaa kwenye benchi la nje, lililo chini ya dirisha la sebuleni. Hakubisha wala kuita. Giza lilipoanza kuingia akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Kesho yake akarudi tena. Mkwe alitaabika, unamwachaje mama mkwe nje kama mpita njia? Akamletea mto wa kukalia. Akamletea chai, wakainywa wote. Mle ndani mapazia yalikuwa yamefungwa, lakini siku nyingine mama aliona pazia likitikisika mahali ambapo feni haifiki.

Sasa nije kwenye sehemu ya mwisho, kwa sababu pale nilikuwepo na nina la kusema. Mnajua inavyoisha: Ayubu anarudishiwa mali maradufu, anapata watoto wengine kumi, na watu wanafurahi. Mke Biblia haimtaji tena hapo. Waliotengeneza filamu ndio waliomwongezea kipande. Amejifungua, mkunga anamwekea mtoto mikononi, mtoto analia, mama anamtazama usoni na kusema kitu kifupi. Kwa lugha yao anasema kwamba sasa ana furaha. Na midomo yake, naomba mnielewe, haigusani hata mara moja. "Nimefarijika" haingii, ina m. "Mungu amenirudishia" ndiyo usiseme. Nilihangaika siku nzima mpaka nikapata "Leo nina raha". Haina m, haina b, haina p. Ilizidi mdomo kidogo sana, mkia tu ulitokeza. Nilijipongeza.

Mke wa Potifa alikuwa ameisoma karatasi kabla, akaikunja. Akasimama kwenye maiki. Taa nyekundu ikawaka. Fundi mitambo, kama alivyofundishwa na waliomtangulia, akaweka kilio cha mtoto mahali pake.

Kilikuwa ni kile cha akiba. Kipi kingine? Hatuna kingine. Mimi nilikuwa nimekisikia mara nyingi hata sikisikii tena. Lakini nilimwona yeye kwenye kioo, na mkono wake wa kulia ukaenda nyuma mgongoni, chini ya mabega, mahali anapobebwa mtoto. Alikuwa anamsikia mwanawe, mchanga, mzima, akilia kwa nguvu zote, katika siku ambazo mwanawe hataki kumtazama, na mjukuu hakupata kulia hata mara moja. Kwenye picha yule mwanamke akainamisha uso kwa mtoto, akafungua mdomo. Na Mke wa Potifa akasema, "Huyu si yule."

Mdomo wa kwenye picha ukafunguka na kufungika palepale alipoanza na kumaliza. Hakukuwa na mkia.

Kwanza nilikasirika, nisiwafiche. Nilisema kwenye kipaza sauti, "Dada, turudie kama ilivyoandikwa." Akarudia. "Leo nina raha," akasema, vizuri, safi, kama anatangaza basi. Tuliisikiliza mara mbili mimi na fundi mitambo. Kisha fundi, ambaye hakuulizwa, akasema, "Babu, tuweke ile ya kwanza."

Msimamizi wa vipindi hakutaka. Alisema watazamaji watakuwa wamekaa na huyu Ayubu wiki kadhaa, wanataka wamalize na furaha waende wakale. Halafu akauliza, "Na huyo yule ni nani? Waliokufa walikuwa kumi." Nikamwambia mama yeyote atakayekuwa anatazama hatauliza. Akasema Biblia haina sentensi hiyo. Nikasema haina na ile nyingine, na hapo nikamwambia jambo ambalo mtu wa kazi yangu hapendi kulitamka, kwamba maneno yangu yalizidi mdomo na ya dada yule yaliuenea. Akaangalia kipande kile mwenyewe, mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa anasafisha miwani. "Iacheni," akasema.

Zikapita wiki, tamthilia ikaanza kuoneshwa, na benchi lile likaendelea kukaliwa. Jioni ya sehemu ya mwisho mimi nilikuwa kwangu, natazama peke yangu. Yaliyotokea huko ninayajua kwa sababu alinisimulia asubuhi iliyofuata, amesimama katikati ya studio na mkoba bado uko begani.

Alikuwa amekaa kwenye mto wake chini ya dirisha. Televisheni ya ndani ilikuwa imewashwa. Alijua ni saa ya Ayubu, lakini hakuwa amefikiria zaidi ya hapo, mpaka aliposikia sauti ya mkunga ndipo akakumbuka kitakachofuata, kwamba sasa hivi mtoto mchanga atalia ndani ya nyumba ile. Alitaka kuinuka agonge dirisha, awaambie wazime. Magoti yakakataa. Kilio kikatoka, kikajaa sebule yote, na hakukuwa na mtu mle ndani asiyejua ni cha nani. Halafu akajisikia mwenyewe anasema, "Huyu si yule."

Televisheni ikazimwa. Akajua ameharibu tena, na safari hii mbele ya nchi nzima. Akawa anatafuta viatu vyake kwa miguu ili aondoke.

Mlango ukafunguka. Binti akatoka amejitanda shuka, akakaa kwenye benchi, akaacha nafasi ndogo katikati. Mama aliniambia kwamba pole ilimjia mpaka kwenye meno, akaifungia huko huko. Wakakaa.

Baadaye binti akauliza, "Lile neno umelisema wewe, au umeandikiwa?"

Ni yeye tu duniani ambaye angeuliza hivyo. Amelelewa na mama anayelishwa maneno.

"Nimelisema mwenyewe. Mwandishi aliandika 'Leo nina raha'."

"Baba mdogo huyo."

"Msamehe. Alikuwa anaikimbia m."

Binti akatoa pumzi puani, si kicheko, lakini iko jirani na kicheko. Ile nafasi ya katikati ikapungua. Na hapo Mke wa Potifa, ambaye kwa miaka yote hiyo amesema ya Sara na Delila na Yezebeli na hakupata kukosa la kusema, akamuuliza mwanawe jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza, mimi nikiwemo, na wauguzi, na majirani wote waliokuja na pole zao.

"Mlimpa jina gani?"

Binti akalia kwanza. Alilia kwa sauti, begani kwa mama yake, mpaka mkwe akatoka na kusimama mlangoni bila kujua mikono aiweke wapi. Kisha akalitaja. Wakamzungumzia mtoto wao jioni ile, nywele zake, vidole vyake, alivyofanana na mama mkubwa wa mkwe, mpaka chai ikapoa.

"Jina gani?" nikamuuliza Mke wa Potifa pale studio. Maiki zilikuwa zimezimwa, fundi mitambo alikuwa hajaingia. Akageuka kuhakikisha taa nyekundu haiwaki, ndipo akaniambia.

Sitaliandika hapa. Nilipewa mimi, haikupewa karatasi. Nitasema tu kwamba linaanza kwa midomo kugusana. Niliitazama ya kwake, kama nilivyoitazama midomo ya watu maisha yangu yote. Ilikutana, ikakaa hivyo kidogo, halafu ikafunguka.